Mafuta yakiisha, mashine yangu ya kusaga itakuwaje?

"Nipo Makambako. Nina mashine ya kusaga na kukoboa ya dizeli, na pikipiki mbili za bodaboda ambazo vijana wananiletea hesabu kila jioni. Nimepata nafasi ya mkopo wa miaka minne, nataka nichukue Fuso lililotumika, nibebe mahindi na mbao kwenda Dar es Salaam. Sasa mwanangu aliyeko chuo ameniambia mafuta ya dunia yamebaki miaka 50, na kwamba uchumi hauwezi kukua milele, siku moja kila kitu kitasimama. Kijiweni wananicheka, wanasema hizo ni hadithi za wazungu za kutuzuia tusitumie mafuta na gesi yetu. Mdogo wangu yeye anasema teknolojia italeta kitu kingine, nisihangaike. Nani mkweli? Na Fuso nichukue au niache?"

Ndugu yangu, umefunga maswali mawili kwenye furushi moja. Lipo la dunia na lipo la Fuso. Kinachokukosesha usingizi, nikikusoma vizuri, ni kusaini deni la miaka minne kwa chombo kinachokunywa kitu ambacho pengine kinaelekea ukingoni. Hofu hiyo ina msingi, ila imekaa mahali pasipo pake. Nianze na mwanao.

Namba ya mwanao ni sahihi, maana yake ndiyo imepotoka. Hiyo miaka 50 inapatikana kwa kuchukua akiba ya mafuta iliyokwisha kuthibitishwa duniani na kuigawa kwa matumizi ya mwaka mmoja. Ni sawa na kuchungulia ghala lako mwezi wa Novemba ukasema magunia yaliyomo yanatosha siku 90. Ni kweli yanatosha siku 90, lakini hujahesabu mavuno yajayo, wala hujahesabu wageni wanaokuja Krismasi. Mwaka 1980 hesabu hiyohiyo ilitoa miaka kama 30. Mwaka 2010 ukafika, sheli zikawa wazi kama kawaida. Kwa hiyo wenzako wa kijiweni wana cha kuchekea. Wasicheke sana, nitawarudia.

Mafuta hayakai chini ya ardhi kama maji kwenye simtanki, ukafungua bomba mpaka likauke. Yamejificha ndani ya vinyweleo vya mwamba. Mimi ni mtu wa Tanga, nitakueleza kwa nazi. Ukishakuna nazi unatia maji kidogo, unakamua kwenye kifumbu: linatoka tui la kwanza, zito, jeupe, halihitaji nguvu. Unatia maji tena, unakamua kwa bidii zaidi, linatoka la pili. La tatu ni maji yaliyotiwa rangi. Chicha inayobaki bado ina mafuta ndani yake, ukiwa na mashine na muda utayatoa, lakini hakuna mpishi anayehangaika nayo kwa mchuzi wa leo.

Dunia ilianza na tui la kwanza. Mwaka 1901 kisima cha Spindletop kule Texas kilipasuka chenyewe, mafuta yakaruka hewani siku kadhaa kabla watu hawajaweza kuyazuia. Leo Wabrazili wanatoboa sakafu ya bahari iliyo chini ya mita 2,000 za maji, kisha kilomita kadhaa za mwamba na chumvi. Wamarekani nao wanapasua miamba migumu kwa maji ya shinikizo kubwa, na kisima cha namna hiyo hutoa kwa kishindo mwaka wa kwanza kisha kinashuka haraka, ikabidi uchimbe kingine na kingine ili ubaki palepale. Mwanajiolojia wao, M. King Hubbert, alisema mwaka 1956 kwamba uzalishaji wa Marekani ungefika kileleni kati ya mwaka 1965 na 1970, halafu ushuke. Mwaka 1970 ukafika kileleni kweli, ukaanza kushuka. Ila Hubbert hakuiona miamba hiyo migumu: kufikia mwaka 2023 Marekani ilikuwa inatoa zaidi ya mapipa milioni 12 kwa siku, kupita kilele kile cha zamani. Alilijua tui la kwanza vizuri. La pili lilimponyoka.

Huku kwetu angalia Uganda. Inakadiriwa kwamba chini ya Bonde la Ufa, pembeni mwa Ziwa Albert, kuna mapipa bilioni 6.5. Yanayoweza kutolewa ni bilioni 1.4 tu, mengine ni chicha. Na hayo yanayotoka ni mazito yenye nta, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, limebuniwa la kupashwa moto njia nzima. Dunia inatumia mapipa kama milioni 100 kila siku. Piga hesabu: mafuta yote ya Uganda yanayoweza kutolewa ni matumizi ya dunia ya wiki mbili.

Simaanishi mradi wa Uganda hauna faida. Kwa nchi moja hizo ni fedha nyingi. Ninachotaka ukione ni kwamba nguvu inayotumika kutoboa, kusukuma na kupasha moto nayo ni mafuta, umeme na chuma. Kadiri tunavyokwenda kwenye tui la tatu, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kinachotoka inavyorudi kutumika kukamua, na hiyo haifiki Makambako.

Sasa nikueleze nani anakosa kwanza, maana hapo ndipo hofu yako inapopaswa kuhamia.

Tanga yetu ilipigwa na mafuta mara mbili. Miaka ya 1960 mafuta yalikuwa bei ya kutupa, viwanda vya nje vikatengeneza kamba za nailoni na plastiki kutokana na hayo mafuta, na mkonge ukaanza kukosa soko. Nchi iliyokuwa ikivuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka katikati ya muongo ule ilikuwa haifiki tani 40,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. (Mkonge ulikuwa na maradhi mengine, utaifishaji na usimamizi, sitaki kuyaficha.) Halafu likaja pigo la pili. Pipa lililokuwa halifiki dola 3 mwaka 1972 lilipita dola 11 mwanzoni mwa mwaka 1974, na kufikia mwaka 1980, baada ya mapinduzi ya Iran, lilikuwa limepita dola 30. Tukawa tunauza mkonge mchache na kununua mafuta ghali, tena nchi imetoka vitani na Idi Amin.

Wazee wako watakumbuka. Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana. Mazao yalilala vijijini kwa kukosa lori la kuyabeba, na mjini watu wakapanga foleni ya unga. Sasa jiulize, je, mafuta ya dunia yalikuwa yameisha wakati ule? Hayakuwa yameisha hata kidogo, meli zilikuwa zinapita hapohapo mbele yetu kwenye Bahari ya Hindi. Yaliisha Tanzania, kwa sababu dola ziliisha. Mwaka 1991 Kuba ikapata la kwake pale Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika na mafuta ya kirafiki yakakatika: wakulima wakarudi kufundisha maksai kulima, na serikali ikaagiza baiskeli zaidi ya milioni moja kutoka Uchina. Dunia nyingine ilikuwa inajaza tenki kama jana.

Kwa hiyo usingoje siku ambayo taa itazimika dunia nzima kwa pamoja. Bei itakuwa inapanda na kushuka kama bembea, kila ikipanda kuna watu wanaangushwa, na wanaoanguka kwanza ni wenye shilingi. Umeliona hilo mwaka 2022. Vita ya Ukraine ilipoanza, dizeli kwa Dar es Salaam ilipanda kwa zaidi ya shilingi 800 kwa lita katika miezi michache, mpaka serikali ikaanza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Mfuko wa urea nao, ambao watu hawaufikirii kama ni jamaa wa mafuta ingawa unatengenezwa kwa gesi asilia, ukapita laki moja. Kenya petroli ilivuka shilingi 200 zao mwaka uliofuata.

Sasa nimerudi kijiweni. Wana haki ya kuuliza kwa nini tuhubiriwe sisi. Mmarekani mmoja, ukigawa mafuta ya nchi yao kwa vichwa, anatumia zaidi ya lita 9 kwa siku. Mtanzania hafikishi hata nusu lita. Mtu wa lita 9 akija kumwambia wa nusu lita apunguze, kucheka ni jibu la heshima kabisa. Lakini kwamba msemaji hana haya hakubadilishi jiolojia. Na gesi tunaitumia: ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, imekuwa ikifua umeme wa Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Aliyetuzuia sana miaka ile 30 ya katikati ni ukosefu wa mtaji.

Kuhusu uchumi kukua milele, chukua ubao wa bao. Una mashimo 32. Weka punje moja ya mahindi shimo la kwanza, mbili la pili, nne la tatu, uwe unazidisha mara mbili tu. Mashimo ya mwanzo ni mchezo wa watoto. La kumi lina punje 512, hazijai kikombe. Ukifika la mwisho, ubao mzima unadai punje zaidi ya bilioni 4, yaani zaidi ya tani 1,000 za mahindi. Na shimo la 32 peke yake lina punje nyingi kuliko mashimo 31 yote yaliyotangulia. Kitu kinachokua asilimia 7 kwa mwaka kinajizidisha mara mbili kila miaka kumi. Matumizi ya mafuta yalikwenda hivyo: mapipa kama milioni 10 kwa siku mwaka 1950, zaidi ya milioni 45 mwaka 1970. Kama yangeendelea kwa mwendo ule, leo tungekuwa tunatafuta mapipa zaidi ya bilioni moja kwa siku, na hakuna mahali pa kuyapata. Mwendo ulipungua kwa sababu bei iliuma, hakuna aliyeketi akashauriwa kwa hekima.

Hapo mwanao yuko sawa, kitu chenye uzito hakiwezi kujizidisha bila mwisho. Anapokosea ni kudhani uchumi na lita ni kitu kimoja. Fundi cherehani akijifunza kushona suti badala ya viraka, kipato chake kinakua na cherehani ni ileile. Japani leo inatumia mafuta machache kuliko katikati ya miaka ya 1990 na haijarudi porini. (Watu wake wanapungua pia, nalo limesaidia.) Ila kwa jumla ya dunia bado sijaona ukuaji ulioacha kunywa. Tunabana hapa, tunamwaga pale. Balbu ya wati 60 tumeibadilisha kwa ya wati 9, kisha tukaweka balbu mpaka kwenye banda la kuku.

Mdogo wako naye ana nusu ya ukweli. Ethiopia mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli, na sababu kubwa ilikuwa dola za kununulia mafuta, si kupenda miti. Treni yetu ya umeme inakwenda Dodoma. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Lakini teknolojia haiji kwa vitu vyote siku moja, na kwako wewe tofauti hiyo ni pesa. Tuanze na mashine yako.

Lita moja ya dizeli ina joto la uniti kama 10 za umeme. Injini ya kusaga iliyochakaa kidogo inageuza robo tu kuwa mzunguko, robo tatu inatokea bombani na kwenye rejeta. Unapata uniti 2.5 za kazi. Mtu mwenye nguvu zake akitwanga kutwa nzima anatoa kazi ya uniti 0.6. Maana yake kila lita unayomimina ni watu wanne kwenye vinu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Ndiyo maana dizeli ilitushinda nguvu ya kuikataa, na ndiyo maana kuiacha si jambo la hotuba.

Sasa mota ya umeme haipotezi sana, inageuza kama asilimia 90. Ili upate kazi ileile unahitaji uniti 2.8. Kwa bei ya kawaida ya LUKU, shilingi elfu moja inakupa uniti 2.8 hivi. Umeona? Elfu moja ya LUKU inafanya kazi ya lita moja ya dizeli, ambayo tuseme unainunua 2,800. Kama nguzo ya umeme wa njia tatu iko karibu na banda lako, huo ndio mkopo wa kwanza ambao ningeufikiria, tena ni mdogo. Injini ya dizeli usiuze. Ifunike turubai, iwashe mara moja kwa mwezi, umeme ukikatika wateja wakiwa na ndoo mlangoni utanishukuru.

Bodaboda za umeme zipo Dar es Salaam, Nairobi na Kigali, na kwa mwendo tu zinatumia fedha kidogo kuliko petroli. Kwa Makambako ningengoja. Pikipiki ya umeme bila mtu wa kubadilisha betri na fundi anayeijua ni pambo. Zako zikichakaa ndani ya miaka miwili au mitatu, uliza tena.

Fuso ni mambo mengine. Betri inayoweza kufanya kazi ya lita moja ya dizeli kwenye lori ina uzito wa kama kilo 20 au zaidi, kwa hiyo kwa lori la mtumba la kupanda mlima wa Kitonga na mzigo wa mahindi, dizeli itabaki kwa miaka yote ya mkopo wako na zaidi. Siogopi utakosa mafuta sheli. Naogopa bembea. Kwenda na kurudi Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwa kilomita 4 kwa lita, hizo ni lita 300. Kila shilingi 500 inayoongezeka kwenye lita inakula laki moja na nusu kwa safari moja, na msafirishaji wa gari moja hapandishi nauli siku bei inapopanda, anaipandisha mwezi mmoja baadaye akiwa ameshapoteza wateja wawili. Benki haingoji. Riba yenyewe ni ahadi kwamba kesho yako itakuwa kubwa kuliko leo, na unaisaini wewe.

Fanya jaribio hili kabla ya kusaini. Andika mapato ya safari kwa nauli ya sasa, toa dizeli kwa bei ya mwezi huu ya EWURA, wasimamizi wa nishati, ukiwa umeongeza shilingi 1,000 juu yake, toa tairi, spea, dereva na utingo, toa safari tupu za kurudi. Kama kilichobaki bado kinalipa rejesho, chukua. Kama hakilipi, Fuso lako linaishi kwa kudra ya bei ya mafuta ya Ghuba ya Uajemi, na ningekushauri ukodi lori la mtu kwa msimu mmoja kwanza ujue njia. Ulizia pia mizigo ya TAZARA, stesheni yake iko hapohapo kwenu. Huduma imesuasua miaka mingi na wafanyabiashara wengi wameikatia tamaa, lakini treni hubeba tani moja kwa dizeli kidogo sana kuliko lori, na mbao haziozi zikichelewa siku tatu.

Kuna mambo ambayo siwezi kukufanyia kwa maandishi. Ukubwa wa mota, waya na swichi lazima aje aone fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Mota ya kusaga iliyofungwa na fundi wa kubahatisha huchoma banda na watu. Ofisi ya TANESCO ya wilaya waulize kama transfoma ya mtaani inabeba mashine nyingine. Mkataba wa mkopo mpelekee mwanasheria au mhasibu asiye na kamisheni humo, asome hasa kipengele cha dhamana na kinachotokea ukichelewa miezi miwili. Kama dhamana ni nyumba mnayolala, mama watoto awepo siku hiyo, asisikie baadaye.

Na mwanao akija likizo, mpe daftari asimame mashineni wiki nzima. Aandike lita zilizoingia na debe zilizotoka, kila siku, na siku zipi umeme wa jirani ulikatika na kwa saa ngapi. Kampuni ya mota itakuuliza maswali hayohayo, na afisa mikopo akiona daftari lile atakaa vizuri kwenye kiti.